Rangi ya fedha juu ya resori iliyopasuka: acheni kuvalisha magari ya zamani uongo

Basoko. Wasikilizaji wapenzi, na ninyi ndugu zetu mnaotusoma kwa simu mkiwa katika maeneo ya wakimbizi wa ndani pale Kisangani, leo sileti habari ya bei ya chikwange wala ya boti iliyochelewa Isangi. Leo naleta ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya rangi. Siyo rangi ya nyumba, wala rangi ya chama. Ni rangi inayopakwa chini ya gari, kwenye resori, kwenye amotisere, kwenye ekseli, mahali ambapo abiria haangalii.

Najua wengine mtacheka. Watu wamekimbia vijiji vyao, mwandishi anazungumzia rangi ya resori! Subirini nisimulie.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi familia zilivyovuka mto kutoka upande wa Lubunga tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza mwaka 2023. Watu walifika na godoro kichwani, na sufuria, na kuku aliyefungwa miguu. Siku moja nilikuwa mjini kwa kazi, na watu wema fulani, ambao sitawataja, walitoa gari la kusaidia kubeba mizigo ya familia chache kutoka mtoni hadi mahali pa kulala. Gari lilikuwa Land Rover ya zamani, Series III, zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Lilikuwa limetoka garaji likiwa jipya kabisa kwa macho. Mwenyewe alilitengeneza kwa ajili ya gwaride la tarehe 30 Juni. Bodi ya kijani, magurudumu meupe, na chini, mama yangu, resori zote zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Amotisere nyekundu. Bridi za resori nyekundu. Hata vile vichuchu vidogo vya kutilia grisi vilikuwa vyekundu.

Nilipanda nyuma na redio yangu ya kurekodia, pamoja na mama mmoja mwenye cherehani yake, watoto wanne, na papa mzee aliyekaa juu ya gunia. Tulipofika kwenye shimo la kwanza kubwa tulisikia mlio kama bunduki. Na nyie mnajua mlio kama huo unafanya nini kwa watoto waliotoka walikotoka. Wote walilala chini. Gari likainama kushoto, cherehani ikaanguka, na mtoto wa miaka kumi na moja akavunjika mkono.

Bamba kuu la resori ya nyuma lilikuwa limekatika. Nililiokota mwenyewe, kipande kimoja. Nataka kila mwenye garaji asikie vizuri nilichoona kwenye ule mkato. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa ya kahawia, yenye kutu ya siku nyingi. Sehemu ndogo tu, pembeni, ilikuwa ya kijivu safi, chuma kilichokatika dakika ile ile. Na kwenye mdomo wa ule ufa wa zamani, rangi ya fedha ilikuwa imeingia ndani. Imeingia na kukaukia humo. Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya rangi. Aliyeshika brosi alipaka juu ya ufa, labda bila kuuona, labda alidhani ni mkwaruzo. Rangi nzito ikaujaza, ikausawazisha, ikaung'arisha.

Baadaye nilizungumza na mwenye gari. Siyo mtu mbaya. Alilia alipomwona mtoto. Lakini aliniambia jambo ambalo ndilo limenifanya niandike: «Yaya, mimi nilitaka gari la zamani lionekane kama la zamani kweli, kama yale ya kwenye picha.»

Hapo ndipo ninapopinga, na ninapinga kwa sauti kubwa. Land Rover za Series III hazikutoka kiwandani Uingereza na resori za rangi ya fedha. Zilitoka nyeusi. Nyeusi ya kawaida, nyembamba, ya mng'ao kidogo tu. Kama unatafuta uhalisi wa gari la zamani, huo ndio uhalisi: mweusi mwembamba. Ukipaka fedha hujarudisha gari kwenye asili yake, umelivalisha nguo ya ngoma.

Kuna watu watasema uhalisi ni anasa ya matajiri. Kule Nairobi kuna mashindano ya magari mazuri, Concours d'Elegance, yanayofanywa tangu mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, na watu husafisha magari yao kwa mswaki wa meno. Sawa, hiyo ni starehe yao, Mungu awabariki. Lakini mimi siongei kwa niaba ya majaji wa mashindano. Naongea kwa sababu mafundi wa kiwandani hawakuchagua rangi kwa uzuri. Rangi za chini ya gari ni lugha. Anayezifuta amefuta maandishi.

Chukueni resori za mviringo, zile za kujikunja kama nyoka. Kwenye Range Rover tangu mwaka 1970, na kwenye Land Rover zilizofuata zenye resori za aina hiyo, kiwanda kilichora mistari midogo ya rangi kwenye chuma. Mwenye macho ya haraka anadhani ni uchafu wa rangi. La. Mistari ile inasema resori hii ina nguvu kiasi gani na inakwenda wapi. Hata kwenye resori za mabamba za Land Rover za zamani, ya upande wa dereva na ya upande wa abiria si sawa. Zina namba tofauti, kwa sababu upande mmoja hubeba zaidi. Fundi akizifungua zote, akazimwagia rangi moja nene ya fedha, akazipanga chini ya mwembe, siku ya kurudisha atajuaje? Atakisia. Ndiyo maana tunaona magari yanayotembea yameinama kama mtu mwenye jino bovu, na mwenye gari anasema «ni uzee.»

Na nati na bolti. Bolti nyingi za magari zilipakwa zinki kiwandani, ndiyo maana zina ule weupe, au rangi ya dhahabu iliyofifia. Ile siyo rangi ya brosi, ni ngozi nyembamba mno ya kuzuia kutu. Ukiona bolti ya zamani bado ina dhahabu yake, umeona bolti ambayo kutu haijaila. Ukiifunika kwa rangi nyekundu hutajua tena kitu.

Sasa nikiwapiga wapenda kung'arisha, nisiwaache wale wa upande wa pili, maana nao wapo na ndio wengi hapa kwetu. Hao wanasema: «Congo si Ulaya. Mwaga mafuta ya vidanji chini ya gari, mambo yamekwisha.» Shofere wengi wa kamyo wa barabara ya Banalia na Buta watakuambia hivyo, na wanasema kwa majivuno. Wengine wanapaka gudro, ile ya paa, nene kama uji.

Nawaheshimu mashofere. Wamelala kwenye matope siku ambazo mimi nililala kitandani. Lakini hapa wanakosea. Mafuta ya vidanji yanazuia kutu kidogo, ni kweli, lakini yanakamata vumbi na mchanga mpaka resori inakuwa na ganda, na ndani ya ganda lile mchanga unasaga chuma. Yanashuka mpaka kwenye silambloki, ile mipira iliyo kwenye matundu ya resori, na mpira wa kawaida ukinywa mafuta unavimba, unalainika, unakatika. Halafu unasikia gari linapiga kokoto-kokoto nyuma, unauza mbuzi kununua silambloki mpya, na unaziogesha tena kwa vidanji. Gudro ni mbaya kuliko yote. Ikikauka inapasuka, maji ya mvua yanaingia nyuma yake, yanakaa. Wewe unaona weusi mzuri, kutu inaona nyumba. Na ufa ukitokea, nani atauona chini ya gudro? Ni dhambi ile ile ya rangi ya fedha, ila hii haina hata urembo.

Kwa Land Rover jambo hili ni baya zaidi, kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma. Shasi na resori ni chuma. Kwa hiyo gari linaweza kuwa zuri juu kama bwana harusi na chini linaoza kama mti wa mtoni.

Kundi la tatu sitaliita wapenzi wa magari. Ni wauzaji wa piesi za okazyo wanaochovya piesi nzee kwenye rangi nyeusi na kuziuza kama mpya. Hapa mtaniuliza: wewe si umesema nyeusi ndiyo rangi ya kweli? Ndiyo. Ndiyo maana mwongo anaitumia. Mwizi havai sare ya jeshi ambalo halipo. Amotisere za Bilstein zinajulikana kwa umanjano wake, za Koni kwa wekundu wake, basi mtu mwenye kopo la rangi nyekundu na amotisere iliyokufa ana biashara tayari. Msinunue kwa rangi. Simamisha amotisere, ivute na kuisukuma mara kadhaa kwa mkono. Inatakiwa ikupinge njia yote. Ikiteleza bure katikati, au ikiwa na mafuta yamelia kwenye shingo, mrudishie mwenyewe hata kama inang'aa kuliko viatu vya askofu. Na ukiona rangi imepakwa mpaka kwenye ile fimbo laini inayoingia na kutoka, jua aliyepaka hajui kitu au hajali kitu, maana rangi pale inatafuna mpira wa kuzuia mafuta ndani ya siku chache.

Basi rangi sahihi ni ipi, na inapakwaje? Nimeongea na mafundi watatu, wawili wa Kisangani na mmoja wa huku Basoko aliyefanya kazi miaka mingi kwenye magari ya mashamba ya michikichi ng'ambo, kule Lokutu, mahali ambapo wazee bado wanapaita Elisabetha, jina la wakati wa Wabelgiji. Huyu mzee ana maneno machache. Jambo la kwanza aliloniambia: kama rangi ya kiwandani bado imeshika, usiiguse. Ioshe, ikaushe, basi. Vijana wanapenda kukwangua kila kitu mpaka chuma cheupe, halafu wanapaka ya kwao. Rangi ya kiwandani iliyobaki baada ya miaka arobaini ni ushahidi kwamba pale chini hapajaoza. Kwa nini uue shahidi?

Pale ambapo imetoka, toa kutu kwa brosi ya waya na msasa, na usugue kwa urefu wa bamba, usisugue kwa upana. Mikwaruzo ya kukata upana ni mianzo ya nyufa, kwa sababu resori kila inapojikunja inavuta uso wake kwa urefu. Usitumie mashine ya kusaga. Mabamba mengi ya resori yalipigwa uso wake kiwandani kwa vipira vidogo vya chuma ili uso uwe mgumu na usipasuke upesi. Diski ya kusagia inaondoa ngozi ile kwa dakika moja. Usipashe moto. Usichomelee. Chuma cha resori kilipikwa na kupozwa kwa kipimo, moto wa karakana unakirudisha kuwa chuma cha kawaida, kinajikunja na hakirudi, au kinakuwa kikavu na kukatika kando ya pale ulipochomelea.

Na hapa wale wanaotuma picha za resori zilizopakwa kromu, tafadhali sana. Kromu inawekwa kwa kuzamisha chuma kwenye maji ya asidi yenye umeme. Humo hewa ya haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe kama biskuti. Kinang'aa, halafu siku moja kinakatika bila kuonya. Kwenye bampa weka kromu upendavyo. Kwenye resori, hapana.

Kabla ya rangi, kuna kipimo ambacho kila garaji inaweza kufanya bila mashine. Osha bamba kwa petroli ya taa. Liache lilowe kidogo, halafu lipanguse likauke kabisa kwa kitambaa. Kisha lipake chaki, au chokaa laini, tabaka jembamba. Ngoja. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani itarudi nje na kuchora mstari wa giza kwenye weupe. Pale ndipo unaona kitu ambacho macho yalikataa. Kisha lining'inize kwa kamba na ulipige kwa nyundo ndogo. Bamba zima linaimba, lililopasuka linakohoa. Fundi wa chuma yeyote wa kijijini analijua hili, maana wazee wetu wa pande hizi za Aruwimi walifua mikuki tangu kabla ya Stanley kupita hapa mwaka 1877, na leo bado wanafua panga kutoka mabamba ya resori. Muulize yeye kabla ya kumuuliza mtu wa rangi.

Ukishapima, weka rangi ya chini ya kuzuia kutu, tabaka moja. Nayo iwe ipi? Hapa uhalisi una mpaka wake na mimi nauchora waziwazi. Zamani watu walipaka minium, ile nyekundu-chungwa ya kwenye shasi na kwenye meli za chuma. Minium ni risasi. Siyo risasi ya bunduki, ila inaua polepole: inaingia kwenye damu ya watoto na kuharibu akili. Wapo vijana wa familia zilizokimbia ambao wamepata kazi ya siku kwenye garaji, kukwangua rangi za zamani kwa msasa mkavu, kwa ujira wa chakula. Wanarudi jioni na vumbi jekundu kwenye nguo, wanambeba mdogo wao. Jamani! Kama rangi ya zamani ni nyekundu-chungwa, loweka kwa maji kabla ya kusugua, kusanya uchafu wake, na kijana aoge na kubadilisha nguo kabla ya kurudi kwa mama yake. Na mpya isiwe minium hata kama gari lilizaliwa nayo. Zipo za fosfati ya zinki, zinafanya kazi. Juu yake patakuwa peusi hata hivyo, hakuna jaji atakayeona tofauti.

Juu ya hiyo weka nyeusi ya mng'ao wa kati, nyembamba. Nasema nyembamba mara ya tatu leo kwa sababu hapo ndipo kesi yote ilipo. Rangi nyembamba ufa unapotokea inapasuka nao, na kutu inatoka hapo kama uzi wa kahawia, dereva anauona asubuhi. Rangi nene inanyoosha juu ya ufa kama ngozi ya ngoma na kunyamaza.

Sehemu ambazo hazipaswi kupakwa kabisa: fimbo ya amotisere, mipira yote, nyuzi za bolti, vichuchu vya grisi (kwenye ile Land Rover vilikuwa vimezibwa na rangi nyekundu, grisi haikuwa imeingia, basi), na nyuso zinazobanwa pamoja. Hili la mwisho hata mafundi wazuri wanalisahau. Bridi zinapobana resori kwenye ekseli, kama katikati kuna rangi nene, rangi ile inasagika na kutoka kidogo kidogo. Nati haijazunguka hata kidogo, lakini kubana kumepotea. Ekseli inaanza kucheza, bolti ya katikati ya resori inakatwa, ekseli inarudi nyuma, gari linakwenda upande kama kaa. Kwa hiyo pale pabaki chuma kwa chuma, au rangi ya chini nyembamba tu. Na baada ya kilomita mia chache bana nati tena. Kati ya bamba na bamba mzee wa Basoko anaweka grisi yenye grafiti, ile nyeusi, kidogo.

Mwenye kamyo ataniambia: ndugu mwandishi, hayo yote ni kazi ya siku mbili, mimi nina mzigo wa mchele unaoza. Nakubali ni kazi. Lakini yule mwenye Land Rover naye alitumia siku, tena alinunua rangi za namna tatu. Makopo mawili angeyaacha dukani. Nyeusi na ya chini vingetosha, na chaki ya kuombea kwa mwalimu. Kwa hiyo msiniambie ni umaskini. Pesa ilikuwepo, ikaenda kwenye kung'aa.

Nawageukia sasa ninyi mnaopandishwa. Mama, papa, mnapoletewa gari la msaada hamna nguvu ya kuchagua, naelewa. Mtu akikubebea watoto humwulizi maswali. Lakini kuinama si kosa. Angalia chini, nyuma ya gurudumu. Kama mabamba ya resori yamepangwa sawa kama kadi mkononi, vizuri. Kama bamba moja limetoka upande, au kuna pengo, au gari limesimama tupu na tayari limeinama, sema. Na kama pale chini panang'aa fedha au nyekundu kama bendera, usiseme «gari jipya hili.» Uliza: kabla ya kupaka mlipima? Shofere atakasirika. Acha akasirike. Boyi-shofere ndiye atakayejua jibu, maana ndiye aliyeshika brosi.

Na ninyi mnaoandaa misafara ya kurudisha watu vijijini, kwa barabara ambazo tunazijua, msiridhike na karatasi ya bima na bodi iliyooshwa. Ombeni gari liinuliwe. Ombeni chaki.

Mtoto yule aliwekewa plasta, na mkono umeunga, ingawa mama yake anasema unauma mvua ikikaribia. Cherehani ilitengenezwa. Land Rover iko imesimama juu ya matofali nyuma ya nyumba ya mwenyewe, na kipande cha resori ninacho mimi, kwenye meza hii ninapoandikia, na rangi yake ya fedha bado inang'aa. Mwenye gari amesema kwa watu kwamba nimemwonea, kwamba resori ilikatika kwa sababu ya shimo. Sawa. Aje kwenye kipindi, kiti kipo. Mimi nitaleta kipande changu, yeye alete kile kingine kilichobaki kwenye ekseli, tuviunganishe mbele ya wasikilizaji.